Kununua au Kuuza Nyumba Bila Kugombana: Mwongozo wa Kuzungumza na Kuandikiana, Hatua kwa Hatua

Malalamiko yanayonifikia kuhusu nyumba yanafanana mno. "Aliniambia tangi la maji linabaki, nimefika nimekuta mabomba yananing'inia." "Nimeshalipa arbuni, sasa anasema bei ile haikuhusisha jenereta." "Tulisema mwisho wa mwezi, yeye anadai ni mwezi unaofuata." Ukiwasikiliza wote wawili, mara nyingi humkuti tapeli. Unakuta watu wawili waliotoka kwenye mazungumzo yale yale, kila mmoja na makubaliano yake kichwani.

Matapeli wapo, na tutawafikia kwenye hatua ya malipo. Lakini sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili ya watu waaminifu wasioelewana. Unamhusu mnunuzi na muuzaji pia. Jambo likimhusu mmoja tu, nitasema. Hauchukui nafasi ya wakili. Unakusaidia umfikie ukiwa na jambo lililonyooka, maana wakili huandika mkataba kwa yale aliyoambiwa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya simu ya kwanza

- Daftari moja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila simu na kila kikao kiandikwe humo: tarehe, nani alisema, alisema nini, kimeamuliwa nini.
- Njia moja ya kuandikiana. Barua pepe ni bora kwa sababu huhifadhika na kutafutika kirahisi. Kama ni WhatsApp, iwe mazungumzo mamoja tu, si makundi matatu yenye majibu yanayopingana.
- Faili la nyaraka. Muuzaji: nakala ya hati miliki, ramani na vibali vya ujenzi, risiti za kodi ya jengo, bili za maji na umeme, taarifa ya deni la benki kama nyumba imewekwa rehani. Mnunuzi: kitambulisho, uthibitisho wa fedha, au barua ya idhini ya awali ya mkopo.
- Namba za simu ulizozitafuta mwenyewe za wakili, benki na mkaguzi wa majengo. Zisiwe zile tu zilizokuja ndani ya ujumbe. Utaona sababu baadaye.
- Kalenda ambayo kila mwenye sauti katika uamuzi anaiona.

## Hatua ya 1: Kubalianeni nyumbani kwanza

Mauziano mengi huvunjika kabla ya upande wa pili kukosea chochote. Mume ametaja bei, mke hajakubali kuuza. Ndugu watatu wamerithi nyumba, mmoja anazungumza na wanunuzi, wawili wanasikia habari kwa majirani. Katika nchi nyingi nyumba ya familia haiuziki bila ridhaa ya mwenzi, na mali ya urithi haiuziki bila msimamizi anayetambuliwa kisheria. Kwa hiyo hili si suala la adabu peke yake.

Kaeni chini mjibu maswali manne kwa maandishi: Bei ya chini kabisa (au ya juu kabisa, kwa mnunuzi) ni ipi? Siku ya kuhama ni ipi, na inaweza kusogezwa kwa kiasi gani? Jambo gani hatulegezi kamba? Msemaji wetu ni nani?

Onyo: Msemaji akishateuliwa, wengine wasijibu simu za upande wa pili "kidogo tu". Shangazi mmoja mwenye moyo mwema anaweza kupunguza bei kwa sentensi moja.

Dalili ya kufanikiwa: kila mmoja akiulizwa peke yake anatoa majibu yale yale.

## Hatua ya 2: Jua nani anamsemea nani

Uliza wazi, bila kuona haya: "Unamwakilisha nani, na nani anakulipa?" Swali hili humhusu dalali, wakili, mpwa aliyetumwa kuonyesha nyumba, na kila mtu anayejitokeza katikati.

Dalali anayelipwa na muuzaji anaweza kuwa mtu mzuri sana kwako mnunuzi, akakubebea mwavuli na kukutafutia maegesho. Bado kazi yake ni kuuza. Ukimwambia "tunaweza kufika hata pale juu, ila tuanze chini," jione kama umemwambia muuzaji. Muuzaji naye asimwambie dalali wa mnunuzi kwamba anauza kwa haraka kwa sababu ya deni.

Kwa anayesema anauza kwa niaba ya mwenye nyumba, omba hati ya uwakilishi, na umpe wakili wako aihakiki. Kisha omba kuzungumza na mwenye mali mwenyewe walau mara moja, kwa simu ya video kama yuko mbali. Anayekataa kabisa jambo hilo amekupa jibu tayari.

Malizeni hatua hii kwa kuandikiana: nani ana mamlaka ya kukubali bei, nani anapokea nyaraka, nani anapokea fedha. Mara nyingi ni watu watatu tofauti.

## Hatua ya 3: Jenga tabia ya ujumbe wa kurudia

Kama utachukua kitu kimoja tu humu, chukua hiki. Kila baada ya mazungumzo ya mdomo, andika siku hiyo hiyo muhtasari mfupi na uutume upande wa pili ukiomba jibu. Mfano:

*"Habari za jioni. Asante kwa muda wako leo. Nimeelewa hivi: (1) bei uliyotaja inahusisha tangi la maji na pampu yake, (2) jenereta utaondoka nayo, (3) utanitumia nakala ya hati miliki kabla ya Ijumaa tarehe 14. Kama kuna nilipokosea, naomba unisahihishe. Kama ni sahihi, naomba unijibu kwamba umekubali yote matatu."*

Ujumbe huu unafanya kazi kwa sababu unamlazimisha kila mmoja kusoma makubaliano akiwa ametulia, nje ya kikao. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba "nitaangalia" yake ilisikika kama "ndiyo". Na ni afadhali agundue jioni hiyo kuliko siku ya kuhama.

Hesabu makubaliano kwa namba. Aya ndefu hujibiwa kwa "sawa", na "sawa" inaweza kuwa na maana ya nimekubali, nimesikia, au niache nipumzike. Pointi zenye namba hujibiwa moja moja.

Onyo: Ujumbe wa sauti unafaa kwa salamu na maelezo ya njia. Kwa bei, tarehe na masharti, siupendi hata kidogo: hautafutiki, haukaguliki kwa haraka, na wakili hawezi kusikiliza dakika arobaini za sauti kutafuta sentensi moja. Ukitumiwa, usikilize, kisha urudishe kwa maandishi: "Kwenye sauti yako umesema..."

## Hatua ya 4: Uliza maswali yanayojibika, na ujibu bila kuficha

Swali "Nyumba ina shida yoyote?" halina faida. Jibu lake ni "hapana", na pengine anayejibu haoni kwamba amedanganya: amezoea lile doa la dari kiasi kwamba halioni tena. Uliza kitu mahususi, chenye mahali na wakati:

- Paa lilivuja mara ya mwisho lini, upande gani, na nani alilitengeneza?
- Mchwa wamewahi kuonekana? Ilipigwa dawa gani, na kuna risiti?
- Shimo la maji taka liko wapi, na lilinyonywa lini mara ya mwisho?
- Maji hukatika kwa siku ngapi mfululizo kiangazi?
- Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye? Kibali chake kiko wapi?
- Mpaka na jirani umewahi kubishaniwa? Uliamuliwaje?
- Kuna mpangaji ndani? Mkataba wake unaisha lini, na amana yake iko kwa nani?
- Nyumba imewekwa rehani au ina kesi yoyote?

Tuma maswali haya kwa maandishi hata kama umeshayauliza mlangoni. Halafu usitegemee majibu peke yake: hati miliki ifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, na jengo lipitiwe na mkaguzi. Pale ripoti ya mkaguzi inapotofautiana na jibu la muuzaji, usianze kwa kumwita mwongo. Mtumie ukurasa husika na uandike: "Mkaguzi ameona unyevu kwenye ukuta wa jikoni. Una taarifa gani kuhusu hili?" Wauzaji wengi wakiulizwa namna hii hukumbuka.

Sasa, muuzaji. Najua hofu yako: ukitaja kasoro, bei inashuka. Inaweza kushuka, ndiyo. Lakini kasoro iliyotajwa mapema hujadiliwa mara moja na kuisha. Iliyogunduliwa na mkaguzi hujadiliwa pamoja na uaminifu wako, na mnunuzi huanza kujiuliza nini kingine kimefichwa. Iliyogunduliwa baada ya kuhamia inaweza kujadiliwa mahakamani. Maneno "nyumba inauzwa kama ilivyo" hayakulindi kila mahali ukificha kwa makusudi jambo ulilolijua. Andika orodha ya kasoro, weka picha zenye tarehe, na mpe mnunuzi asaini kwamba ameipokea. Karatasi hiyo inakulinda wewe zaidi kuliko yeye.

Usijibu usilolijua. "Sijui, lakini nitamuuliza fundi na kukujibu Jumatano" ni jibu kamili, ilimradi Jumatano ifike na jibu.

Dalili ya kufanikiwa: kila swali lina jibu la maandishi, na hakuna jibu lenye maneno "nadhani" ambalo halijafuatiliwa.

## Hatua ya 5: Ondoa maneno yanayonyumbulika

Hili ni fupi, lakini limegharimu watu fedha nyingi.

Tarehe. Usiandike 03/04. Kuna wanaosoma tarehe 3 Aprili na wanaosoma Machi 4. Andika mwezi kwa herufi. "Mwisho wa mwezi", "wiki ijayo" na "karibuni" ziondoke kabisa kwenye maandishi yenu.

Saa. Andika saa 4 asubuhi (10:00), hasa kama upande mmoja unasoma saa kwa mtindo wa simu.

Ukubwa. Sema ni mita za mraba au futi za mraba, na kama ni za ndani ya kuta au zinahesabu kuta, veranda na gereji. Mita moja ya mraba ni takriban futi za mraba 10.76, kwa hiyo kuchanganya vipimo si kosa dogo. Kwa kiwanja, ekari moja ni mita za mraba takriban 4,047, na hekta moja ni 10,000. Kipimo kinachohesabika ni kile cha hati na cha mpima ardhi, si cha hatua za miguu.

Fedha. Andika kwa tarakimu na kwa maneno, taja sarafu, na taja kodi, ada ya wakili, gharama za uhamisho wa hati na kamisheni ya dalali zinalipwa na nani. Bei iliyotajwa bila haya ni nusu ya bei.

## Hatua ya 6: Toa ofa inayoweza kukubaliwa au kukataliwa

Ofa ya mdomo huning'inia. Ofa nzuri ina mambo sita: bei, kiasi cha arbuni, fedha zinatoka wapi (taslimu, mkopo, mauzo ya nyumba nyingine), masharti (kwa mfano, ukaguzi wa jengo na upekuzi wa hati kutoonyesha tatizo), siku ya makabidhiano, na muda ambao ofa yenyewe inaisha, mfano siku 5.

Muda wa kuisha una sababu. Bila huo, mnunuzi anasubiri wiki tatu huku muuzaji akiitumia ofa yake kupandisha bei kwa wengine.

Muuzaji, jibu kwa moja kati ya matatu: nimekubali, nimekataa, au ninapendekeza hivi badala yake. Na ujue kwamba katika mifumo mingi ya sheria pendekezo jipya hufuta ofa ya kwanza. Ukisema "ongeza kidogo" kisha ukarudi kesho kusema "basi nimekubali ile ya awali", mnunuzi halazimiki tena. Ukitaka tu kuuliza kama kuna nafasi ya kuongeza, andika wazi kwamba unauliza na hujakataa.

Kama kuna wanunuzi wengine, sema ukweli au nyamaza. Mnunuzi wa kubuni ana tabia ya kumfukuza yule wa kweli.

## Hatua ya 7: Orodha ya vinavyobaki na vinavyoondoka

Kanuni ya jumla ni kwamba kilichofungwa kwenye jengo kinabaki, na kinachobebeka kinaondoka. Ubishi uko katikati: viyoyozi, paneli za sola na betri zake, pampu, kabati la jikoni lisilofungwa ukutani, pazia na fimbo zake, taa za mapambo, dishi, maua ya vyungu.

Piteni chumba kwa chumba, wote wawili, simu mkononi. Kila kitu chenye utata kipigwe picha na kiandikwe: *kinabaki* au *kinaondoka*. Kitakachobadilishwa kiandikwe kitabadilishwa kwa kipi, maana muuzaji anaweza kung'oa taa nzuri na kuacha balbu tupu akadai taa ipo. Orodha isainiwe na iwe kiambatisho cha mkataba. Saa moja ya kazi hii huokoa ugomvi mwingi kuliko hatua nyingine yoyote humu, ukiacha ya tatu.

## Hatua ya 8: Mkataba na arbuni

Katika nchi nyingi mauziano ya nyumba na ardhi hayatekelezeki mahakamani bila maandishi yenye saini. Kwa hiyo lolote mlilokubaliana pembeni ambalo halimo kwenye mkataba, lichukulie kama halipo.

Soma rasimu ukiwa na daftari lako pembeni. Weka alama kwa kila makubaliano uliyoyakuta ndani. Yaliyobaki bila alama ndiyo ya kumwandikia wakili. Ukikutana na sentensi usiyoielewa, mwambie wakili akueleze kwa maneno ya kawaida, kisha wewe umrudishie kwa maneno yako. Akisema "hicho ni kifungu cha kawaida tu", hajakujibu bado.

Hakikisha arbuni imeelezwa kwa pande zote: mnunuzi akijitoa inakuwaje, muuzaji akijitoa inakuwaje, benki ikikataa mkopo inakuwaje. Risiti yake itaje nyumba yenyewe kwa namba ya hati, jina la mtoaji na mpokeaji, kiasi, tarehe, na masharti ya kurudishwa. "Nimepokea fedha za nyumba" haitoshi.

Onyo: rasimu zikibadilika, zipeni namba na tarehe: "Rasimu ya 3, 9 Juni". Watu wamesaini toleo la zamani mara nyingi kuliko unavyofikiri.

## Hatua ya 9: Usinyamaze katika kipindi cha kusubiri

Kati ya kusaini na kukabidhiana kuna wiki au miezi ya benki, usajili na makaratasi. Hapa kimya kinasomeka kama utapeli, hata pale ambapo mtu anasubiri mhuri tu. Pangeni siku moja ya taarifa kila wiki. Hata "hakuna jipya, benki imesema Alhamisi" ni taarifa.

Mnunuzi anayekopa, mweleze muuzaji mapema jambo hili: benki hupima mkopo kwa thamani ya mthamini wake pale inapokuwa chini ya bei mliyokubaliana. Tuseme bei ni milioni 100 na benki inakopesha asilimia 80. Mthamini akisema nyumba ina thamani ya milioni 90, mkopo unakuwa milioni 72, si 80. Pengo la milioni 8 lazima litoke mahali. Likitajwa siku linapojulikana, huzungumzika: bei ishuke, mnunuzi aongeze, au wakutane katikati. Likitajwa wiki ya mwisho, muuzaji ataona amechezewa.

Ucheleweshaji ukitokea, toa mambo matatu kwa pamoja: sababu, tarehe mpya, na unachofanya sasa. Samahani peke yake haimsaidii mtu aliyekwisha kukodi lori.

## Hatua ya 10: Thibitisha akaunti kwa sauti kabla ya kulipa

Hapa ndipo matapeli husubiri. Huingia kwenye barua pepe ya wakili, dalali au mmoja wenu, wakasoma mazungumzo kimya kimya, na malipo yakikaribia hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli: "Akaunti yetu imebadilika, tafadhali tumia hii."

1. Chukua namba ya akaunti kwa maandishi mapema, ikiwezekana ana kwa ana.
2. Siku ya kulipa, piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe mwanzoni, si iliyoko kwenye ujumbe. Someaneni tarakimu moja moja, na jina la akaunti.
3. Tuma kiasi kidogo, subiri mpokeaji athibitishe kwa sauti, ndipo utume kilichobaki.
4. Ujumbe wowote wa kubadilisha akaunti uchukulie kuwa wa uongo mpaka uthibitishwe hivyo hivyo. Haraka ikisisitizwa, shuku zaidi.

Muuzaji na wakili waseme tangu mwanzo: "Hatutabadilisha akaunti kwa barua pepe." Sentensi hiyo haina gharama.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Kagua nyumba tena baada ya fanicha kutoka na kabla ya malipo ya mwisho. Kabati likiondoka, ukuta husema mengi. Beba orodha ya Hatua ya 7 na ya kasoro. Fungua kila bomba, washa kila taa, vuta maji kila choo.

Kisha pigeni picha mita za maji na umeme pamoja, mwandike namba zilizosomeka na saa. Bili mpaka hapo ni za muuzaji. Hesabuni funguo, rimoti za geti na namba za siri za kengele, na muuzaji aandike ni nani mwingine aliyewahi kupewa ufunguo. Mnunuzi abadilishe vitasa siku hiyo hiyo, bila kinyongo kwa mtu. Kama kuna mpangaji, watu watatu wakutane, ajulishwe kwa maandishi kodi italipwa kwa nani na amana yake sasa iko wapi.

Kilichobaki bila kukamilika kiandikwe kwenye karatasi moja chenye mtu wa kukifanya, tarehe, na kiasi cha fedha kitakachoshikiliwa mpaka kiishe.

Faili usilitupe. Uvujaji huonekana mvua ya kwanza ikinyesha, na muda wa kufungua madai katika nchi nyingi huhesabiwa kwa miaka. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nje ya simu yako.